Kesi za Sufuria Ndivani

Ukitaka kujua Mpare amekasirika kiasi gani, usimtazame usoni. Nyuso zetu zimezoea ukungu, hazisemi kitu. Mtazame miguu. Ikielekea kwa jirani, bado ni maneno tu. Ikielekea kwa mwenyekiti wa kitongoji, jambo limekuwa jambo. Lakini ukimwona amevaa koti na kusimama barabarani kusubiri gari la kushuka wilayani, jua kuna ng'ombe atauzwa ili kesi ya kuku iendelee. Makabila mengine yametutania hivyo tangu nikiwa mtoto, nasi tumekanusha kwa nguvu zote, wengine wetu mahakamani.

Nakumbusha utani huu wa zamani kwa sababu mwaka juzi tabia hiyo hiyo ilimfaa dada yangu kuliko sala zake, kuliko ushauri wangu, na kuliko kuku wote wa kitongoji.

Dada yangu ni kifungua mimba na mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo amenilea, amenichapa, na hadi leo hajaamini kwamba nimekua. Ni mjane. Anaishi milimani, juu ya Myamba, mahali ambapo gari linafika likiwa na afya na barabara ikiwa na huruma. Ana tangawizi, kabichi, migomba kidogo, na goti moja bovu analolizungumzia kama mtu mwingine anayeishi naye: "Leo goti limeamka vibaya." Shamba lake ndilo la mwisho kwenye mfereji. Yeye na marehemu shemeji walipewa sehemu hiyo walipooana kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Anayelima mwisho wa mfereji anaishi kwa imani na kwa ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono na watu wa kale, pale kijito kinapopumzika kabla ya kuteremka. Jioni linazibwa, usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na maji yanashuka mferejini kwa kishindo mpaka kwa mtu wa mwisho. Bila ndiva, kijito chenyewe wakati wa kiangazi ni chembamba kama mkojo wa mbuzi. Mwenye shamba la juu anakipata, wa katikati anakisikia, na wa mwisho anahadithiwa.

Masika ya mwaka ule yalikuja kama yametumwa. Ukuta wa ndiva ulibomoka upande mmoja, tope la mlima mzima likaingia ndani na kukaa humo kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Mvua zilipokatika, mfereji ulifika kwa jirani wa juu ukachoka hapo hapo. Tangawizi ya dada ikaanza kukunja majani.

Mwanawe ana kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mjini Same. Anabeba vitunguu, mabati, samaki wakavu wa Nyumba ya Mungu, na siku za harusi anabeba kwaya. Ni kijana mzuri, anampenda mama yake, na kama vijana wote wazuri, anadhani kumpenda mtu ni kumhamisha. Alikuwa amepaka rangi chumba cha uani kwake na kununua kitanda.

"Mama, tangawizi haimwagiliwi kwa machozi," alimwambia. "Shuka ukae na sisi."

"Nikae nifanye nini?"

"Upumzike."

"Nikae kwenye kiti cha plastiki nitazame mabasi ya Arusha yakipita?"

Dada aliwahi kukaa Same alipokuwa akitibiwa goti. Alisema upepo wa kule unagonga mlango usiku na mchana, na ukifungua hakuna mtu. Mimi ninakaa huko, sikuweza kubisha. Mwishowe mama na mwana walipatana: ikifika Nane Nane na maji hayajafika kwenye tangawizi, atafunga mzigo na kushuka. Dada alikubali kwa sababu alijua maji yatafika. Mwanawe alikubali kwa sababu alijua hayatafika. Mapatano mengi mazuri huwa hivyo.

Mimi niliingia katika mambo haya kwa njia ya ukosefu wa kazi. Kwa miaka mingi nilikuwa Dar es Salaam, mtaalamu wa kuandika ripoti juu ya vijiji ambavyo sikulala. Mradi ukaisha, mkataba ukaisha, heshima ikaisha kidogo kidogo, nikarudi Same kuandika makala za magazeti. Mwezi wa Juni nikapanda mlimani kwa dada, nikamwambia nimekuja wiki moja kupumzisha akili.

"Akili yako imefanya nini hata ipumzike?" aliuliza, akanipa jembe.

Nilibaki mpaka Agosti.

Kwetu kazi ya pamoja inaitwa msaragambo. Pembe inapigwa alfajiri, na kila mtu mzima aliyelala kijijini, awe mwenyeji au mgeni, anatakiwa kutokea na chombo chake. Ilikuwa inafanyika Jumanne. Ijumaa kuna wanaosali, Jumamosi kuna wanaosali, Jumapili kuna wanaosali, na siku ya soko hasali mtu lakini haonekani. Asiyekuja msaragambo alitozwa kuku.

Sheria ya kuku ilikuwa nzuri kwenye kikao. Kazini ilitushinda kwa namna ambayo nadhani sisi tu tungeweza kuivumbua. Wenye mashamba ya juu, ambao kijito kiliwafikia hata bila ndiva, waligundua kwamba kutoa kuku ni rahisi kuliko kuzoa tope. Jumanne ya kwanza tulikuwa wachache na kuku watano. Tulichimba kidogo, tukapika, tukala vizuri sana. Jumanne iliyofuata tulikuwa wachache zaidi na kuku walizidi. Jumanne ya tatu, jamaa mmoja aliyekuwa ameshika paja kila mkono aliangalia njia ya juu na kusema kwa wasiwasi, "Naona kama kuna watu wanakuja." Sote tukageuka kwa hofu. Walikuwa wapita njia, nasi tukashukuru Mungu.

Dada alikuwa amekaa kwenye jiwe akinyoosha goti. Alitutazama tulivyokuwa tunatafuna.

"Hivi mnachimba ndiva au mmefungua hoteli?"

Midomo ilikuwa na kazi.

Jioni ile alimwendea mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole aliyependa sana kuchaguliwa, sisi wachimbaji tukimfuata nyuma, akamkumbusha sheria ya zamani. Enzi za mama zetu, mtu asiyekuja msaragambo hakutozwa kuku. Walikwenda kwake wakachukua chungu chake cha kupikia, na hakukiona tena mpaka amefanya kazi.

"Dada, siku hizi watu wana haki zao," mwenyekiti alisema. "Nani ataingia jikoni kwa mtu achukue sufuria? Mimi nina uchaguzi."

"Nani kati yetu hana ndugu hapa?" dada aliuliza.

Sote tulifikiria, na sote tulifikia kwa mtu mmoja. Alikuwa mzee kutoka Songea. Alikuja ujanani kukata mkonge kwenye mashamba ya tambarare, akaoa mwanamke wa kwetu, akapanda naye mlimani na hajashuka. Tangu siku hiyo tunamwita mgeni, kwa upendo. Kwa kuwa hakuwa na ukoo kijijini, hakuna aliyeweza kumshtaki kwa upendeleo. Aliikubali kazi kwa furaha ya mtu aliyesubiri muda mrefu kuona majiko ya Wapare kwa ndani.

Jumanne iliyofuata sheria mpya ilianza, na sufuria ya kwanza kuchukuliwa ilikuwa ya dada yangu mwenyewe.

Sababu ilikuwa mimi. Pembe ilipolia nilikuwa tayari nimepanda kilima cha nyuma kutafuta mtandao ili nitume makala gazetini. Makala ilihusu moyo wa kujitolea vijijini. Nilikaa kule asubuhi yote nikiinua simu juu kama mtu anayeomba mvua, makala ikagoma kuondoka, na mchana nikashuka na njaa. Jikoni nilikuta mafiga matatu yakitazamana. Sufuria hakuna, maharage hakuna, dada hakuna. Mlangoni mzee wa Songea alikuwa ameacha jani la mgomba, alama yake ya kuwa amepita.

Baridi ya milimani mwezi huo inaingia mpaka kwenye mawazo. Nilisimama pale nikijihurumia, kisha upepo ukageuka, nikasikia harufu ya makande. Ilitoka upande wa ndiva. Sikufanya uamuzi wowote. Miguu ilikwenda.

Dada, aliyekuwa akipika kwenye sufuria yetu ile ile, aliniona nikichungulia pembeni mwa shimo. Aliweka mwiko chini.

"Ona," aliwaambia wenzake. "Tangu Juni huyu namleta kwa kumburuta. Pembe imemwita. Leo amekuja mwenyewe, anakimbia."

"Sikukimbia," nilisema.

"Umepoteza ndara moja."

Niliangalia. Kweli.

Walinicheka mpaka nikacheka. Lakini dada alikuwa anatazama sufuria, kisha mimi, kisha sufuria. Naujua uso ule. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unatangulia viboko au maandazi, na huwezi kujua kipi.

"Sufuria hazitakaa kwa mwenyekiti," alisema. "Zitakaa hapa. Na zitapikiwa hapa."

Jumanne iliyofuata mzee wa Songea alifanya kazi kama mtu mwenye kipaji. Alibisha hodi, akasalimia, akaulizia hali ya ng'ombe, akachukua sufuria. Kufika saa nne zilikuwa zimepangwa ukingoni mwa ndiva kama duka: za bati, za chuma, moja yenye mpini wa waya, moja ambayo bado ilikuwa na ugali wa jana. Na kubwa kuliko zote ilikuwa sufuria ya jirani wa juu.

Huyu jirani ni mama wa umri wa dada yangu, mwenye shamba la kwanza kwenye mfereji na sauti ya kutosha mashamba yote. Sufuria yake alipewa siku ya harusi yake. Misiba yote na sherehe zote za kitongoji zimepikwa humo, na kila inapoazimwa anaihesabu kama mmoja wa wajukuu wake. Tulimsikia kabla hatujamwona. Alitokea amevaa koti.

"Sufuria yangu iko wapi?"

"Karibu, jirani," dada alisema. "Inachemka."

"Inachemka nini, na mimi sijainjika?"

"Makande. Umekuja wakati mzuri, nilikuwa nafikiria chumvi."

"Usinipe chumvi! Huu ni wizi wa mchana. Nakwenda kwenye kata. Nakwenda wilayani. Nitafika Dodoma mimi!"

"Dodoma utasikilizwa lini? Hapa kesi inasikilizwa leo leo." Dada alininyooshea mwiko. "Hakimu huyu. Amesoma chuo kikuu."

Nilikuwa chini shimoni, tope mpaka magotini. "Dada, mimi nilisoma fasihi."

"Si ni maneno? Kesi nayo ni maneno."

Mama yule alinikagua kuanzia miwani kushuka chini, na aliposhuka sana imani yake ilipungua. Lakini neno kesi lilikuwa limeshatamkwa, na Mpare hawezi kulisikia neno hilo akapita njia yake.

"Kuna wangapi mbele yangu?"

"Wawili," alisema mzee wa Songea, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Basi nangoja."

"Ngoja," dada alisema. "Ila viti hatuna. Shika hilo sepetu, usisimame na baridi. Na hakimu yuko chini, ukikaa huko juu hatakusikia."

Mama yule akavua koti. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe, akashuka.

Hivyo ndivyo baraza la ndivani lilivyoanza. Sikuwa nimepanga kuwa hakimu maishani mwangu, lakini kazi ilinifaa kuliko nyingi nilizowahi kuajiriwa. Walalamikaji walichimba huku wakieleza. Mmoja alidai alikuwa mgonjwa Jumanne ile. Mwingine alidai sufuria iliyochukuliwa si yake, ni ya mama mkwe, na mama mkwe hajawahi kukosa msaragambo tangu azaliwe. Nilisema, kwa uzito niliouona kwenye televisheni, "Baraza linahitaji mashahidi."

Sikujua nimesema nini. Kwetu mtu hatoki na kesi bila mashahidi, na upande wa pili hauwezi kukubali mashahidi wa upande wa kwanza wawe wengi. Jumanne iliyofuata walikuja na ndugu, walikuja na mashemeji, walikuja na majirani walioona na majirani waliowaona waliokuwa wanaona. Na kila shahidi alikuwa na mikono miwili. Dada alisimama juu akigawa ndoo.

"Mashahidi wa mgonjwa, upande huu, mnapokezana tope. Mashahidi wa mama mkwe, ninyi mawe."

Jioni nilipotaka kutoa hukumu, dada alinikonyeza.

"Baraza limesikia," nilisema. "Kesi inaahirishwa hadi Jumanne ijayo."

Watu walinung'unika kwa furaha. Maisha yangu yote nilikuwa nikijiuliza kesi zinaahirishwa kwa faida ya nani.

Haikuchukua muda, kukosa kesi ndivani kukawa aibu. Jamaa mmoja ambaye hakuwahi kukosa hata Jumanne moja alileta sufuria yake mwenyewe akaipanga na nyingine, ili asionekane kama mtu asiye na la kulalamikia. Kina mama walitoa udongo wa kichuguu, unaoshika maji vizuri, wakaumwaga sakafuni mwa ndiva na kuushindilia kwa miguu, wakiimba. Wimbo ulikuwa juu yangu. Ulisema hakimu ana miwani mbili, moja ya kusomea, moja ya kutafutia ndara. Uliimbwa kwa sauti nne.

"Kule kwenye mkonge tulipigiwa kengele," mzee wa Songea aliniambia siku moja tukisukuma jiwe. "Msimamizi alikuwa na kofia na filimbi. Na bado tulilala vichakani. Ninyi mnataka kugombanishwa tu."

"Sisi hatugombani, mzee. Tunatafuta haki."

"Itafuteni taratibu, ukuta bado haujafika juu."

Haukuwa umefika, na Julai ilikuwa inaisha. Alasiri moja wengine walipokwisha kuondoka nilimkuta dada amekaa ukingoni, mguu wa goti bovu ameunyoosha mbele. Ukungu ulikuwa umefunika upande wa chini, shamba lake halikuonekana.

"Nimefunga mzigo," alisema.

Nilikaa karibu naye. "Umekata tamaa?"

"Hapana. Nikishindwa nataka nishindwe nikiwa tayari. Sitaki mwanangu anikute natafuta khanga." Aliokota kibonge cha udongo, akakivunja. "Ule mwisho wa mfereji tulipewa kwa sababu ulikuwa mawe matupu. Shemeji yako alitoa mawe asubuhi, mimi jioni, tukipokezana na mtoto mgongoni. Sasa huyo huyo mtoto ananiambia nipumzike. Nikipumzika, nitakuwa nani?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, yote ya kitabuni. Nilishika ndoo, nikashuka shimoni nikatoa tope mpaka giza likaanza kuingia. Ni hukumu pekee niliyoitoa siku ile.

Wiki ya mwisho watu walikuja hata siku zisizo za msaragambo, kwa kisingizio cha kuangalia kama sufuria zao ziko salama. Ukuta ukafika juu. Jioni ya kuamkia Nane Nane tulilaza gogo kwenye tundu la kutolea maji, tukaziba kwa udongo na migomba, na kila mtu akaenda kulala kwake.

Asubuhi ndiva ilikuwa imejaa. Ilikuwa tulivu, rangi ya chai ya maziwa, na ukungu ulikuwa unaamka juu yake taratibu. Watu wote walikuwepo, walalamikaji na mashahidi. Hakuna aliyeongea, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu Juni. Kisha tukasikia injini inakohoa bondeni. Kirikuu ya mpwa wangu.

Alifika amevaa viatu vya mjini, akatusalimia wote shikamoo kwa mpangilio, akaitazama ndiva, akamtazama mama yake.

"Maji nayaona, mama. Lakini tulisema yafike kwenye tangawizi."

"Tulisema," dada alikubali.

Hapo ndipo tatizo lililokuwa wazi kwa wote likasimama kati yetu bila kusemwa. Mfereji ulikuwa mkavu kwa miezi. Ardhi kavu inakunywa. Na shamba la kwanza lilikuwa la jirani wa juu, ambaye kwa desturi ana haki ya kufungua wa kwanza, na ambaye kesi yake ya sufuria ya harusi, iliyobonyezwa na ndoo za tope, nilikuwa nimeiahirisha mara nyingi kuliko zote. Akifungua yeye kwanza, siku ile ya Nane Nane maji yasingefika mwisho.

Mama yule alikuwa amevaa koti lake. Alisogea mbele.

"Mheshimiwa hakimu."

"Ndiyo, mama."

"Kesi yangu siifuti."

"Hakuna aliyekuomba uifute, mama."

"Na kubonyea kwa sufuria yangu kupo, mtu asije akasema hakupo." Aliinama, akang'oa bonge la majani na udongo, akatembea mpaka kwenye mlango wa shamba lake mwenyewe, akauziba. Akaupiga teke ukakaa. "Leo yaende mwisho kwanza. Nataka ushahidi. Yakifika, sufuria yangu ilifanya kazi halali, nitadai heshima yake. Yasipofika, namshtaki hakimu."

Dada alifungua mdomo kusema asante.

"Usinishukuru, jirani. Ni ushahidi tu."

Tukavuta gogo.

Maji yaliruka mferejini yakisukuma mbele yao majani makavu, povu, na panzi waliokuwa wanakimbia kuokoa maisha. Watu wote wakayafuata. Mwenye shamba la pili, kwa kuwa jirani wa juu alikuwa anamtazama, alifunga mlango wake. Wa tatu akafunga. Tulitembea sambamba na maji, mashahidi mbele, goti la dada nyuma likishikwa mkono na mwanawe, ambaye viatu vyake tayari vilikuwa vimekwisha kuwa vya kijijini.

Baada ya migomba ya katikati maji yalipunguza mwendo. Ufa mmoja ukayanywa. Yakajaa, yakapita. Mwingine ukayanywa tena. Karibu na mpaka wa dada, ulimi wa maji ulisimama kabisa, mwembamba, ukitetemeka. Mzee wa Songea alivua kofia kama yuko msibani. Nilisikia mtu nyuma yangu akianza kunong'ona kuhusu kesi yangu.

"Mwacheni apumue," dada alisema, kana kwamba ni mtoto anayejifunza kutembea.

Ulimi ukavimba. Maji ya nyuma yakausukuma, ukaruka kijiwe kimoja, kisha kingine, ukaingia. Dada alikuwa ameshafika. Alipiga jembe mara moja, na maji yakageuka yakajiingiza kati ya matuta ya tangawizi yakitoa sauti ile ndogo ya udongo unaokunywa. Alisimama ndani ya maji na viatu vyake, akatazama, akawa anafuta uso kwa pembe ya khanga na kusema ni jasho, wakati sote tulikuwa tunatetemeka kwa baridi.

Jirani wa juu aliinama, akachovya kidole, akahakikisha ni maji.

"Baraza liandike," alisema.

"Baraza halina kalamu, mama."

"Basi likumbuke."

Mchana ule tulikula makande kutoka kwenye sufuria ya harusi, iliyobonyea na iliyoshinda. Sufuria zote zilirudi kwa wenyewe, na nusu ya wenyewe walisema hazikurudi zilivyokuwa, na kesi mpya zikazaliwa zenye afya. Mpwa wangu alikwenda kwenye kirikuu akasimama kando ya mlango, akicheza na funguo.

"Mama, mzigo nipakie au?"

"Mzigo gani?" Dada alikuwa ameshaufungua. Alitoa khanga, alitoa blanketi, na chini kabisa akatoa sufuria yake, akaenda kuloweka maharage. "Wewe lala. Kiza kitakukuta njiani. Utaondoka kesho."

"Na chumba nilichopaka rangi?"

"Weka tangawizi. Ikivunwa itahitaji pa kulala mjini."

Alifikiria. Ni mfanyabiashara, niliona wazo lile likimwingia. Akakubali kulala.

Mzee wa Songea, aliyekuwa anapita na kofia yake kichwani tena, alisimama. "Anayelala kijijini anahusika, bwana mdogo. Kesho tunapanda majani juu ya ukuta, usije ukamomonyoka. Pembe inalia alfajiri."

"Babu, mimi ni mgeni. Hata sufuria sina huku."

Mzee aliizunguka kirikuu polepole, mikono nyuma, kama alivyozunguka majiko yetu. "Tairi unazo," alisema, akaondoka.

Mpwa wangu alicheka. Aliposikia pembe asubuhi alijifunika blanketi, na alipoamka jua likiwa juu alikuta kirikuu imeegemezwa vizuri juu ya mawe upande mmoja, na jani la mgomba limewekwa kwenye kioo cha mbele. Alikuja ndivani mbio, suruali amekunja, ndara moja mguuni.

"Mjomba! Huu ni uonevu! Nitakwenda kwenye kata! Nitakwenda wilayani!"

Nilimpa sepetu, nikamwambia kesi yake itasikilizwa, ila kuna wawili mbele yake.